Mwendo wa Saa Nne hadi Jeddah

Wazee wetu walipokwenda Hija kwa jahazi, walingoja pepo za kusi. Leo, kutoka Nairobi hadi Jeddah ni kilomita 2,500 na zaidi kwa ndege, mwendo wa takriban saa nne bila kituo, na saa za Kenya na Saudia ni zile zile.

Wepesi huo una mtihani wake. Ndege hupita mkabala wa Yalamlam, mikati yetu, kitambo kifupi kabla ya kutua. Basi, mama mwenye azma ya Umra, usingoje Jeddah: tia nia ya ihramu ungali angani. Hata mwenye hedhi hutia nia. Tawafu ndiyo isubiriyo tohara. Mwenyezi Mungu atutakabalie.