Kupima Farasi Kabla ya Mbio

Katika sehemu nyingi za Kongo farasi ni wachache. Ndorobo huwauma, nao hupata ugonjwa na kufa. Lakini katika Ulaya farasi ni rafiki wa mtu tangu zamani sana. Alivuta magari, alilima mashamba, alibeba askari na barua. Siku hizi mashine zimeshika kazi hizo zote. Lakini kuna kazi moja ambayo mashine hazikumnyang'anya, ndiyo kushindana mbio.

Mbio za farasi ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza farasi hukimbia tu, wala hakuna kitu cha kuwazuia njiani. Katika namna ya pili hukimbia na kuruka viunzi. Kiunzi ni kama kipande cha ua. Ni mbao na matawi makavu, vimefungwa pamoja na kusimamishwa njiani. Kimo chake ni kiasi cha meta moja, yaani hufika kiunoni mwa mtu mzima. Farasi akikigusa kidogo kwa miguu, kiunzi huinama, naye huendelea na mwendo. Lakini akikigonga kwa nguvu, hupoteza mwendo, au huanguka pamoja na mtu aliyempanda.

Mbio kubwa za Cheltenham

Katika nchi ya Uingereza uko mji uitwao Cheltenham. Karibu na mji huo, chini ya kilima cha Cleeve Hill, upo uwanja wa mbio. Kila mwaka katika mwezi wa tatu watu maelfu na maelfu hukusanyika hapo kwa muda wa siku nne. Siku ya kwanza hufanyika mbio ziitwazo Champion Hurdle, maana yake mbio za kumtafuta bingwa wa kuruka viunzi.

Mbio hizo zilianza mwaka 1927. Farasi wa kwanza kushinda aliitwa Blaris. Tangu mwaka ule farasi watano wameshinda mara tatu kila mmoja: Hatton's Grace, Sir Ken, Persian War, See You Then na Istabraq.

Njia ya mbio hizo ina urefu wa meta 3,300 hivi, na viunzi ni vinane. Farasi hodari humaliza njia yote kwa dakika nne hivi. Lakini ugumu hauishi kwenye kiunzi cha mwisho. Baada ya kiunzi hicho njia inapanda mlima mpaka mwisho. Hapo farasi aliyetumia nguvu zake zote mapema huchoka, na wengine humpita.

Mambo manne ya kupima

Kabla ya mbio watu hupenda kujua ni farasi gani atakayeshinda. Wapo wanaofanya kazi hiyo mwaka mzima. Hawatazami uzuri wa manyoya wala urefu wa shingo. Hupima mambo manne.

Jambo la kwanza ni matendo ya farasi. Amekimbia mara ngapi? Ameshinda mara ngapi? Tena, amemshinda nani? Maana kumshinda farasi dhaifu si sawa na kumshinda farasi hodari. Hutazama vilevile alimwacha wa pili mbali kadiri gani. Umbali huo huhesabiwa kwa urefu wa mwili wa farasi. Husema: alishinda kwa urefu wa farasi wawili, au watano, au kumi.

Jambo la pili ni kuruka kwake. Farasi mwenye mbio nyingi asiyejua kuruka vizuri hupoteza kidogo katika kila kiunzi. Kidogo mara nane ni kingi.

Jambo la tatu ni uzito. Katika mbio hizi farasi dume aliyekomaa hubeba kilo 74 hivi, mtu na tandiko pamoja. Mpanda farasi akiwa mwepesi, vipande vya risasi hutiwa chini ya tandiko mpaka uzito utimie. Farasi jike hubeba kilo 71 hivi. Amepunguziwa kilo tatu, ili ashindane na madume kwa haki.

Jambo la nne ni afya na umri. Farasi mchanga bado hajakomaa. Farasi mzee ana akili ya mbio, lakini miguu yake imeanza kuwa mizito. Na farasi aliyeugua karibuni hajulikani kama amerudia nguvu zake zote.

Farasi wanne wa mwaka 2025

Tuchukue mfano wa mbio za tarehe 11 mwezi wa tatu, mwaka 2025. Farasi saba waliingia uwanjani. Wanne kati yao ndio wa kukumbuka.

Wa kwanza aliitwa Constitution Hill, dume wa miaka 8. Mfunzi wake alikuwa Nicky Henderson, na mpanda wake Nico de Boinville. Alikuwa amekimbia mbio za viunzi mara 10, na mara zote 10 alikuwa ameshinda. Mwaka 2022 alishinda mbio nyingine katika uwanja huo huo kwa urefu wa farasi 22. Mwaka 2023 alishinda Champion Hurdle kwa urefu wa farasi 9. Mwaka 2024 hakuweza kuja, kwa sababu aliugua kifua. Baadaye alipona, akarudi, akashinda tena. Watu walisema: Nani atamweza huyu?

Wa pili aliitwa State Man, naye ni dume wa miaka 8. Alitoka Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, katika zizi la mfunzi mashuhuri Willie Mullins. Mpanda wake alikuwa Paul Townend. Mwaka 2023 State Man alikuwa wa pili nyuma ya Constitution Hill. Mwaka 2024, wakati Constitution Hill hayupo, yeye alitwaa ushindi. Watu walimwita farasi mwaminifu, kwa maana ni mara chache alipokimbia vibaya.

Wa tatu alikuwa jike wa miaka 6, jina lake Brighterdaysahead. Huyu pia alitoka Ayalandi. Katika siku za Noeli za mwaka 2024 alishinda mbio huko Leopardstown kwa urefu wa farasi 30, na State Man alikuwa nyuma yake mbali. Zaidi ya hayo, kwa kuwa ni jike, alikuwa na faida ya zile kilo tatu. Basi wengi walimwogopa.

Wa nne alikuwa jike wa miaka 7, jina lake Golden Ace. Mfunzi wake, Jeremy Scott, anakaa upande wa Somerset, wala hana farasi wengi kama wafunzi wakubwa. Siku hiyo hiyo palikuwa na mbio za majike peke yao, na wengine waliona kwamba zile zingemfaa zaidi. Lakini mwenye farasi alitaka ajaribu mbio kubwa. Watu hawakumtia sana maanani. Lakini palikuwa na jambo moja lililoandikwa katika hesabu yake. Mwaka 2024, katika mbio za majike zilizofanyika hapo hapo Cheltenham, Golden Ace alimshinda Brighterdaysahead. Mpanda wake siku ile alikuwa Lorcan Williams, na mwaka 2025 alikuwa yeye tena.

Basi wapimaji walipima. Wengi wakasema: wa kwanza atakuwa Constitution Hill. Wachache wakamtaja Brighterdaysahead au State Man. Golden Ace alihesabiwa miongoni mwa wale wanaokuja kujaza uwanja tu.

Mambo yaliyotokea

Kamba ikaachiliwa, farasi wakatoka. Viunzi vinne vya kwanza vilirukwa bila msiba. Kwenye kiunzi cha tano Constitution Hill alianguka. Watu uwanjani wakapiga kelele kwa mshangao. Farasi ambaye hajashindwa hata mara moja alikuwa chini majanini, na nusu ya mbio haikuwa mbali nyuma yake.

Farasi wengine wakaendelea. Brighterdaysahead hakuwa na nguvu zile za siku za Noeli. State Man akatangulia. Wakashuka bondeni, wakazunguka kona, wakaelekea kiunzi cha mwisho. State Man alikuwa mbele, na ilionekana wazi kwamba ushindi ni wake. Golden Ace alikuwa akimfuata nyuma.

State Man akaruka kiunzi cha mwisho, naye akaanguka.

Golden Ace akafika kwenye kiunzi kile kile. Akaruka vizuri, akatua, akapanda mlima mpaka mwisho. Alishinda kwa urefu wa farasi 9. Wa pili alikuwa Burdett Road, ambaye pia hakutajwa na wengi. Brighterdaysahead hakufika katika watatu wa kwanza. Constitution Hill na State Man wote wawili waliinuka na kusimama kwa miguu yao, na watu wakashukuru.

Je, wapimaji walikuwa wajinga?

Sivyo. Hesabu zao hazikuwa za uwongo. Ni kweli kwamba Constitution Hill hakuwa ameshindwa. Ni kweli kwamba State Man alikuwa mbele mpaka kiunzi cha mwisho. Lakini watu walipima sana mbio, wakapima kidogo kuruka. Waliona kwamba farasi aliyeruka vizuri mara nyingi ataruka vizuri tena. Lakini kila kiunzi ni kipya. Kuruka kwa jana hakumvushi farasi kiunzi cha leo.

Tena walisahau jambo la mwaka 2024. Waliona ushindi mkubwa wa Brighterdaysahead katika siku za Noeli, wakasahau kwamba Golden Ace alikwisha kumshinda. Habari ya karibu huziba habari ya zamani. Mpimaji mwema hukumbuka zote mbili.

Hata hivyo asiseme mtu kwamba Golden Ace alipata ushindi kwa bahati tupu. Ni kweli, kama State Man asingalianguka, labda Golden Ace angalikuwa wa pili. Lakini alikuwa pale karibu, tayari, na alivuka viunzi vyote vinane. Wenye kuanguka walikuwa na mbio kumpita, lakini mbio za viunzi si kazi ya miguu peke yake.

Wala kuanguka siyo mwisho wa farasi hodari. Mwaka 2015, katika uwanja huo wa Cheltenham, jike mmoja wa Willie Mullins aitwaye Annie Power alikuwa mbele katika mbio za majike. Alianguka kwenye kiunzi cha mwisho, akapoteza ushindi uliokuwa karibu kuwa wake. Mwaka uliofuata, 2016, alirudi katika uwanja ule ule, akaingia Champion Hurdle pamoja na madume, akashinda.

Hatari ya kamari

Katika nchi zile watu wengi huweka pesa juu ya farasi. Siku ile ya mwaka 2025 aliyeweka pauni 1 kwa Golden Ace alipata faida ya pauni 25. Sababu gani alipata nyingi hivi? Kwa sababu waliomtumaini Golden Ace walikuwa wachache sana. Wale wengi waliosema kwamba Constitution Hill hawezi kushindwa walirudi nyumbani mifuko mitupu. Baba akiweka mshahara wake juu ya farasi, huwa anaweka chakula cha watoto wake juu ya viunzi vinane. Wahenga wanasema: Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korinto alitumia mfano wa wakimbiaji uwanjani, kwa kuwa alijua kwamba mbio zinafundisha mengi. Mwanafunzi aliye wa kwanza darasani kila mwezi asilale kabla ya mtihani. Na yule ambaye jina lake halitajwi asikate tamaa. Aruke kiunzi kilicho mbele yake vizuri, kisha kingine, mpaka amalize.

Maulizo

1. Kiunzi ni kitu gani? Farasi akikigonga kwa nguvu hupatwa na nini?
2. Taja mambo manne yanayopimwa kabla ya mbio.
3. Sababu gani farasi jike hubeba uzito mdogo kuliko dume?
4. Constitution Hill alianguka kwenye kiunzi cha ngapi? Na State Man?
5. Wapimaji walisahau jambo gani juu ya Golden Ace?
6. Andika sentensi tatu juu ya Annie Power.