Sindano ya Kuyeyusha Mafuta: Inafanya Nini Mwilini?



Mwezi uliopita, tulipomaliza somo la hesabu, mama mmoja alibaki nyuma akaniuliza, "Mwalimu, eti kuna sindano ya kuyeyusha mafuta ya mwili?" Mdogo wake anaishi mjini. Alikuwa amempigia simu kuomba fedha ili akachomwe sindano ya tumbo katika saluni moja. Aliambiwa tumbo litakwisha bila kupasuliwa. Mama yule alikuwa tayari kuuza mbuzi wawili.

Nilimjibu kwamba sindano ipo, si uongo. Lakini kazi yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Nimeona niwaeleze na ninyi, maana habari za namna hii siku hizi zinafika kijijini kwa simu kabla hata ya gazeti.

Kila aliyechinja mbuzi anaijua nyongo. Ni yale maji machungu ya kijani yaliyo katika kifuko kwenye ini. Mchinjaji hukitoa kifuko hicho kwa uangalifu kisipasuke na kuharibu nyama. Mwilini nyongo ina kazi kubwa. Ukila chakula chenye mafuta, nyongo huyavunjavunja mafuta hayo, kama sabuni inavyoyatoa mafuta katika sufuria. Basi dawa ya sindano hii ni moja ya asidi zilizomo katika nyongo. Inaitwa asidi ya deoksikoliki. Haikamuliwi kwa mnyama, hutengenezwa kiwandani. Serikali ya Marekani iliiruhusu mwaka 2015, kwa jina la Kybella.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Baadhi ya seli hizo ni kama maghala ya kuwekea mafuta. Dawa ikichomwa penye mafuta, huvunja kuta za maghala hayo. Mafuta humwagika, na mwili huyaondoa polepole kwa muda wa wiki kadhaa. Ghala lililovunjika halirudi. Lakini yaliyobaki yanaweza kujaa zaidi kama mtu akinenepa. Tena dawa hii haichagui. Ikiingia katika ngozi, huweza kuitoboa kidonda. Ikigusa mshipa wa fahamu, huuumiza.

Kwa sababu hiyo Marekani iliiruhusu kwa sehemu moja tu, yaani mafuta yaliyo chini ya kidevu, tena kwa watu wazima. Haikuruhusiwa kwa tumbo, wala mapaja, wala mikono.

Sasa mtu anayechomwa ategemee nini? Wengi hudhani ni sindano moja na mambo yamekwisha. Sivyo. Daktari huchora vidoti chini ya kidevu, kila kimoja sentimita 1 kutoka kwa mwenzake. Kisha hudunga dawa kidogo sana penye kila kidoti. Kwa siku moja mtu anaweza kudungwa hadi mara 50! Halafu hungoja mwezi mmoja au zaidi, ndipo arudie. Anaweza kurudia mpaka jumla ifike mara 6.

Baada ya kuchomwa, kidevu huwaka na kuvimba. Kwa siku kadhaa kinaweza kuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa mwanzo. Mwenye arusi Jumamosi asichomwe Jumatano. Dawa ilipojaribiwa, kati ya kila watu 100 waliochomwa, karibu 87 walivimba, 72 walivilia damu, 70 walipata maumivu, na 66 walipata ganzi. Watu 4 kati ya 100 waliumia mshipa wa fahamu, mdomo ukawa unakwenda upande wanapocheka. Hao walipona, lakini ilichukua wiki nyingi. Wengine 2 walipata shida ya kumeza. Na hayo yalitokea mikononi mwa madaktari waliofundishwa kazi hiyo.

Turudi kwenye tumbo. Mtazame tena yule mbuzi. Ana mafuta chini ya ngozi, na ana mafuta mengine ndani, yanayozunguka figo na matumbo. Sisi tuko hivyo hivyo. Mafuta ya ndani ndiyo yanayohusika zaidi na ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu. Sindano hii haifiki huko. Wala si dawa ya kupunguza uzito.

Msiichanganye na sindano nyingine kama semaglutidi, ambayo hupunguza njaa. Hiyo ilianza kama dawa ya kisukari, na mtu huandikiwa na daktari.

Linalonitia wasiwasi ni hizi sindano za saluni na za kuagiza kwa mtandao. Idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa imeonya juu ya sindano za mafuta zisizoruhusiwa. Waliochomwa wamepata makovu ya kudumu, vidonda vilivyooza, na mabonge yenye maumivu chini ya ngozi. Hapa Tanzania dawa hutakiwa iandikishwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mama yule alichukua daftari akaandika maswali kwa mkono wake mwenyewe: Dawa inaitwaje? Imetengenezwa wapi na nani? Mwisho wa kutumika ni lini? Anayechoma ni daktari? Akamsomea mdogo wake kwa simu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Saluni walisema dawa ni "ya Ulaya", na chupa haina karatasi. Mbuzi hawakuuzwa. Mdogo wake alinuna, nasikia bado amenuna.

Kama yupo ndugu yako aliyekwisha kuchomwa, mwangalie. Akishindwa kupumua au kumeza, mdomo ukipinda, ngozi ikiwa nyeusi, akipata homa au usaha, aende zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Achukue chupa kama anayo. Asione haya kusema alichomwa nini, lini na wapi. Mganga hamshitaki mtu, anataka kujua atibu nini.