Samaki, Zebaki na Mama Mjamzito
Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu iliyomo katika damu ya mama yake. Imani hiyo ilivunjika Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Tangu 1932 kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga majitaka yenye zebaki katika ghuba ya mji huo. Paka waliokula samaki wa hapo walipepesuka na kufa, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu: ganzi, kutetemeka, kuona kwa shida, degedege. Lakini walikuwepo pia wanawake wenye dalili hafifu tu, waliojifungua watoto wenye mtindio wa ubongo. Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukihifadhi nyumbani. Watafiti walipovipima vitovu vile, walikuta zebaki. Kiwanda kiliacha kuimwaga mwaka 1968.

Leo zebaki nyingi itokanayo na shughuli za binadamu hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wa Geita wakiwemo. Ikichomwa hupaa na moshi, kisha huanguka majini, ambako bakteria wa matopeni huigeuza kuwa methilizebaki. Viumbe wadogo huimeza, samaki wadogo huwala hao, wakubwa huwala wadogo, na kila hatua sumu hulimbikizana. Ndiyo maana papa na nduaro, wawindaji waishio miaka mingi, hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa. Kukaanga au kukausha kwa chumvi hakusaidii, kwa kuwa zebaki imo ndani ya mnofu wenyewe.

Hata hivyo, mhudumu wa kliniki anayemkataza mjamzito samaki wote humdhuru kwa njia nyingine: humnyima protini, madini joto na mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo wa mtoto. Afadhali amuulize anakula samaki gani, na mara ngapi. Mamlaka za Marekani hushauri wajawazito wale gramu 227 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, na waepuke papa na nduaro. Pwani yetu ina dagaa, vibua, na tasi alaye mwani. Tena bei yao ni nafuu.

Mwili huchukua takriban miezi miwili kupunguza nusu tu ya methilizebaki iliyomo, hivyo ushauri huu unamfaa hata mwanamke ambaye bado hajashika mimba.