Ruzuku siyo mkopo (na siyo bure kila wakati)

Kikundi cha kina mama pale Majengo, Mpanda, kikiingiziwa fedha za halmashauri, hutakosa mtu wa kusema: "Wamepata ruzuku!" Ngoja kwanza. Hilo neno likitumika ovyo, linaweza kumwingiza mtu kwenye deni bila kujua.

Ruzuku limetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na riziki. Kama kitenzi, kuruzuku ni kumpa mtu riziki, ndiyo maana tunasema "Mungu amewaruzuku mtoto." Ulichoruzukiwa hudaiwi. Maana hiyo imebaki hata kwenye uchumi: ruzuku ni fedha inayotolewa kusaidia jambo fulani, na aliyesaidiwa harudishi.

Ila siyo kila ruzuku inafika mkononi. Chukua mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23. Tuseme mfuko unauzwa shilingi 100,000 na wewe mkulima unalipa 70,000. Ile 30,000 iliyolipwa na serikali ndiyo ruzuku. Mbolea haijawa bure, imeshuka bei tu.

TASAF nao hutoa ruzuku kwa kaya maskini, safari hii fedha taslimu. Sehemu yake ina masharti, kwa mfano watoto waende shule na kliniki. Kwa hiyo ruzuku inaweza kuwa na masharti, lakini haina marejesho.

Sasa turudi kwa kina mama wetu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria inaiita mikopo isiyo na riba. Hapo ndipo wengi wanateleza. Bila riba maana yake ukikopa milioni 5 unarudisha milioni 5, siyo kwamba hurudishi.

Vipi kuhusu ufadhili? Hilo linatokana na fadhila, nalo ni pana zaidi: ni kugharamiwa na mtu au taasisi. Lakini mwanafunzi, bumu la Bodi ya Mikopo usiliite ufadhili. Ukiajiriwa utakatwa mshahara.

Kabla hujasaini, uliza: Nitarudisha? Kiasi gani, na lini? Kuna masharti gani? Majibu yako kwenye mkataba, hata kama mtaani wanaiita ruzuku.