Hakuna Namba ya Pili ya Mkopo

"Kibali changu cha kazi ni cha muda na benki zimenikataa. Hiyo namba ya CPN naipata wapi?" Swali hili linanifikia kutoka Minneapolis, Dallas, Portland na miji mingine ya Marekani walikojaa wazungumzaji wa Kiswahili. Wanaouliza ni wauguzi wasaidizi, madereva wa malori, wahandisi walioletwa na kampuni, na vijana wa Kikongo walioomba hifadhi wakapewa kibali wakisubiri kesi. Ni watu wanaolipa pango kwa wakati na kutuma fedha nyumbani kila mwezi. Nimelijibu mno faraghani. Sasa nalijibu hadharani, na kwa ukali, kwa sababu linawaharibia maisha watu waangalifu.

Namba hiyo, inayouzwa ili itumike kwenye maombi ya mkopo badala ya namba ya Hifadhi ya Jamii, hutaipata kwa njia ya halali, kwa sababu kisheria haipo. Hakuna ofisi ya serikali inayoitoa. Anayekuuzia CPN anakuuzia jinai.

Kosa linaanzia kwenye barua ya kukataliwa. Benki iliposema hapana, ulihitimisha kwamba imekikataa kibali chako. Je, uliisoma barua yenyewe? Sheria inamtaka mkopeshaji akujibu ndani ya siku 30 baada ya kupokea ombi lililokamilika, na akikataa akutajie sababu au akueleze haki yako ya kuzidai. Nikiomba kuiona barua hiyo, wengi huwa wameshaitupa. Waliobaki nayo, tukiisoma pamoja, mara nyingi hatukuti lolote kuhusu kibali. Tunakuta kwamba historia ya mkopo ni fupi mno, au kwamba faili halikupatikana kabisa.

Hapo ndipo mazoea ya nyumbani yanapotupotosha. Mkenya akisikia taarifa za mikopo anawaza CRB, ofisi ya taarifa za mikopo ya kwao, na akiwaza CRB anawaza orodha ya wadaiwa sugu: jina likiingia umechafuka, ukilipa unapewa cheti kwamba umesafishwa. Kwa mazoea hayo, kutojulikana ni usafi. Marekani, kutojulikana ni tatizo lenyewe. Ofisi tatu za taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, hurekodi malipo yaliyofanywa vizuri sawa na yaliyoshindikana, na asiyeonekana humo hana sifa njema wala mbaya. Alama ya mkopo ya FICO, inayoanzia 300 hadi 850, haihesabiwi mpaka uwe na angalau akaunti moja iliyotimiza miezi sita, na iwepo taarifa iliyoripotiwa katika miezi sita iliyopita. Mgeni asiye na deni hana alama mbaya; hana alama kabisa. Faili tupu halisafishwi, kwa kuwa hakuna kilichochafuka. Linajazwa, na kinacholijaza ni malipo na muda.

Jambo la pili linanishangaza zaidi. Wengi wanaoulizia namba ya pili wanayo ya kwanza na wanaidharau. Mwenye kibali halali cha kazi hupewa namba ya Hifadhi ya Jamii, ile tunayoiita soshali. Kadi ya mwenye kibali cha muda huwa na maandishi kwamba ni halali kwa kazi kwa idhini ya Wizara ya Usalama wa Ndani tu, na watu huyasoma wakadhani wamepewa namba ya daraja la chini. Si kweli. Maandishi yale yanahusu ajira. Namba haiishi muda kibali kinapoisha, na haibadiliki ukipata ukaazi wa kudumu au hata uraia. Historia utakayoanza kuijenga leo ukiwa na kibali cha mwaka mmoja ndiyo itakayokufuata mpaka siku ya kununua nyumba.

Sasa tuitazame bidhaa inayouzwa kwa mamia ya dola, pengine maelfu. Muuzaji atakuambia CPN ni namba ya faragha ya mikopo na kwamba Sheria ya Faragha ya 1974 inakuruhusu kuitumia badala ya soshali. Sheria hiyo ipo na inasomeka. Inazibana ofisi za serikali zisikunyime haki kwa sababu tu umekataa kutaja namba yako, isipokuwa pale sheria nyingine inapoitaka. Haimpi mtu yeyote namba nyingine, wala haimruhusu kuandika namba ya kubuni kwenye fomu ya benki.

Kisha tazama masharti anayokupa: usiitumie na anwani yako ya kweli, tafuta namba mpya ya simu, fungua barua pepe mpya. Kitu halali hakihitaji ujifiche nacho. Masharti hayo yapo ili kompyuta za ofisi za taarifa zisikuunganishe na faili lako halisi. Unatengenezewa mtu asiyekuwapo, na sahihi chini ya fomu zake ni yako.

Je, tarakimu hizo tisa zinatoka wapi? Nyingine ni za soshali ambazo bado hazijatolewa kwa mtu. Nyingine ni za marehemu na wafungwa. Nyingi ni za watoto. Tangu 25 Juni 2011 namba za soshali hutolewa bila mpangilio wa jimbo wala mwaka, kwa hiyo mtu hawezi tena kuitazama namba akajua ni ya mtoto. Mtoto hana faili la mkopo, na kwa mwizi hilo ndilo soko. Anapofikisha miaka 18 na kuomba mkopo wa masomo au kupanga chumba, anakuta madeni ya mtu asiyemjua. Tafakari hilo kabla ya kumwita muuzaji mtu wa msaada.

"Lakini rafiki yangu aliitumia akapata gari." Naamini, na naweza kueleza ilivyokuwa. Ombi la mkopo likiingia na namba ambayo ofisi ya taarifa haijawahi kuiona, faili jipya linaweza kufunguka hata kama ombi lenyewe limekataliwa. Ombi la pili linakuta faili tayari lipo. Mkopeshaji mmoja mzembe akikubali kadi ndogo, kunakuwa na malipo, kisha alama, kisha gari. Kwa miezi kadhaa mambo yanaonekana kwenda. Halafu mwenye namba anakua, au benki inaamua kuhakiki. Tangu 2020 Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ina mfumo ambao taasisi za fedha zilizojiunga huutumia kuuliza, kwa ridhaa ya mwombaji, kama jina, tarehe ya kuzaliwa na namba vinalingana. Jibu ni ndiyo au hapana. Rafiki yako hajafaulu. Bado hajakamatwa.

Akikamatwa, kutumia namba ya uongo kwa nia ya kudanganya kuna kifungo cha hadi miaka mitano. Kuidanganya benki kwenye ombi la mkopo, hadi miaka 30 na faini ya hadi dola milioni moja. Ikiwa namba ni ya mtu halisi na ulijua hivyo, unaweza kuongezewa miaka miwili ya lazima. Raia wa Marekani hutumikia kifungo akarudi nyumbani kwake. Wewe mwenye kibali una hesabu nyingine. Tangu mageuzi ya 1996, kosa la udanganyifu lenye hasara inayozidi dola 10,000 huhesabiwa miongoni mwa makosa mazito kabisa katika sheria ya uhamiaji, yale yanayofunga karibu kila mlango wa kujitetea usifukuzwe nchini. Gari moja tu linaweza kuvuka kiwango hicho. Yule aliyetaka kukwepa udhaifu wa kibali anakipoteza kibali chenyewe.

Ndugu za CPN nazikataa pia. Usitie alama kwenye kisanduku cha "raia" katika fomu ya mkopo hata wakala wa magari akikuhimiza; kujidai raia kwa uongo ni jambo linaloweza kukufungia ukaazi maisha yako yote. Usilipe ili jina lako liwekwe kwenye kadi ya mtu usiyemjua. Na anayejiita msafishaji wa mikopo akidai malipo kabla ya kufanya kazi, anavunja sheria ya shirikisho ya 1996.

Je, kibali hakina uzito kabisa? Kinao, na ni haki ujue wapi. Sheria ya usawa wa fursa za mikopo ya 1974 inakataza kukubagua kwa rangi, dini au asili ya taifa lako, lakini kanuni zake zinamruhusu mkopeshaji kuzingatia hali yako ya uhamiaji pale anapopima uwezekano wa kulipwa. Ukiomba mkopo wa gari wa miezi 72 na kibali kimebakiza miezi 14, atauliza, na ana haki ya kuuliza. Kwa nyumba, mlango mmoja umefungwa: mikopo yenye bima ya FHA, mamlaka ya nyumba ya serikali ya shirikisho, haiwapokei tena wasio wakaazi wa kudumu kwa maombi yaliyofunguliwa tangu 25 Mei 2025, isipokuwa makundi machache. Mikopo ya kawaida inayouzwa kwa Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba, bado iko wazi kwa anayeishi nchini kihalali, akitimiza masharti mengine. Tofautisha mambo mawili: kibali kinaweza kufupisha mkopo au kuzuia aina moja ya mkopo, ila hakikuzuii kujenga historia.

Ya kufanya ni haya. Fungua kadi ya dhamana: weka dola 200 au 300, kiasi hicho kiwe kikomo chako, na uulize kwanza kama wanaripoti kwa ofisi zote tatu. Tumia chini ya asilimia 30 ya kikomo, ulipe yote kila mwezi, wala usiifunge hata ukipata kadi nzuri zaidi. Ongeza mkopo mdogo wa kujenga historia katika chama cha akiba na mikopo; vyama vya shirikisho vina ukomo wa riba wa asilimia 18 kwa mikopo mingi. Ndugu wa kweli mwenye kadi safi anaweza kukuongeza kama mtumiaji. Mwulize mwenye nyumba kama pango linaweza kuripotiwa. Asiye na haki ya soshali aombe ITIN, namba ya mlipakodi, kwa ajili ya kodi, kisha atafute chama kinachoipokea. Kabla ya kwenda kuchagua gari, pata kwanza idhini ya mkopo kwenye chama chako, na uepuke yadi zinazokopesha zenyewe bila kujali alama. Andika jina lako kila mahali kama lilivyo kwenye kibali; wakimbizi wengi waliandikiwa kuzaliwa 1 Januari, na wanaofanana jina na tarehe hiyo mafaili yao huchanganywa. Kagua ripoti zako bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com na upinge makosa kwa maandishi. Kwa kawaida ofisi ina siku 30 za kuchunguza. Omba upya kibali mapema, hadi siku 180 kabla hakijaisha, kwa sababu nyongeza ya siku 540 iliyokuwa ikija yenyewe imeondolewa kwa maombi mengi yaliyowasilishwa tangu 30 Oktoba 2025.

Baada ya miezi sita utakuwa na alama. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya malipo yasiyokosa, wakopeshaji wataanza kukutafuta wewe.

Ombi langu la mwisho ni kwa wachungaji, maimamu, viongozi wa vyama vya jamii na wasimamizi wa makundi ya simu. Wauzaji wa CPN hawawafikii watu wetu kwa matangazo ya barabarani. Wanawafikia kupitia kwenu, kwa kuwa kuna mtu kwenye kundi aliyesema "huyu alinisaidia" na hakuna aliyemkanya. Mkiona namba ya simu ya muuzaji huyo, ifuteni, na mwambieni aliyeileta kwa nini mmeifuta.