Grisi Huharibu Mpira wa Springi

Wenye motokaa za kale katika nchi ya Iringa na Mbeya, wasikiapo springi zikilia, wengi wao hushika mkebe wa grisi upesi. Desturi hiyo ina asili yake. Malori mengi yaliyopanda kutoka Mbeya kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930 yalikuwa na bushi za madini matupu. Madini yakisuguana bila grisi hulika. Bushi za namna hiyo zahitaji grisi hata leo, nazo hujulikana kwa kitundu cha kuitilia.

Lakini bushi za mpira ni jambo jingine. Tazama Land Rover ya kale, ya namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948. Bushi ya springi yake ni mabomba mawili mafupi ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na kati yake mpira umebanwa sana. Springi ichezapo, mpira hujipinda kidogo, kisha hurudi, hakuna kinachoteleza. Basi grisi haina kazi hapo. Tena grisi ya kawaida na oili ya injini huingia ndani ya mpira wa asili, ukavimba, ukalainika, ukakatika.

Bushi ikiisha, ekseli huhama mahali pake, tairi hulika upande mmoja, na usukani hauaminiki. Mtu ateremkaye mlima wa Kitonga akifunga breki, na motokaa ikaenda upande, ahatarisha roho za watu.

Kwa hiyo, atengenezaye bushi na ashike haya:

Kwanza, asafishe tundu la springi, aondoe kutu yote.

Pili, bushi yenye bomba la chuma aisukume kwa bomba lake la nje, wala asiusukume mpira. Bushi ya mpira mtupu, kama zile za shokapu, ailainishe kwa maji ya sabuni. Hayo hukauka wala hayaudhuru mpira.

Tatu, asikaze nati motokaa ikiwa juu ya jeki. Aiteremshe kwanza isimame juu ya magurudumu yake, ndipo akaze. Asipofanya hivyo, mpira utakaa umepindwa siku zote, nao utapasuka mapema.

Springi ikilia baadaye, ioshwe matope kwa maji safi. Ikizidi kulia, nati zitazamwe kama zimelegea, na mpira kama umepasuka. Mpira uliopasuka hauna dawa ila kutiwa bushi mpya.