Ng'ombe wa familia watalala kwa nani?

Kilio kikishaisha na wageni wakatawanyika, familia nyingi mkoani Shinyanga hukuta jambo moja lisiloweza kungoja arobaini. Chukulia familia yenye zizi la ng'ombe wanane huko Kishapu. Mtoto wa kwanza anafundisha Kahama mjini, wa pili yuko machimboni Geita, binti ameolewa Mwanza. Mama amevuka miaka sabini na hawezi tena kukimbizana na dume. Ng'ombe wale ni ada ya wajukuu, ni mahari ya kijana wa mwisho, na ni matibabu ya mama mwenyewe. Nani atawachunga?

Si msiba tu unaoleta swali hilo. Wapo watumishi na wafanyabiashara wa mjini ambao kila wakipata fedha ya mpunga au ya dhahabu hununua mtamba, kisha hawana pa kumweka. Katika nchi zenye farasi wengi, kama Uingereza, yapo mazizi ya kulipia kwa mwezi, na mwenye mnyama huchagua kama atalishiwa au atakuja kulisha mwenyewe. Bei hufuata jibu lake. Shinyanga hakuna bango la bei mlangoni pa boma. Gharama ipo, ila imejificha ndani ya maziwa, samadi, ndama na undugu.

Kuweka ng'ombe kwa mtu mwingine ni desturi ya zamani Usukumani. Mwenye kundi kubwa aliwatawanya kwa ndugu na marafiki ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote, na mwaka wa ukame upande mmoja, upande wa pili huenda umepata mvua. Aliyepokea alikunywa maziwa, alipata samadi ya shamba na ng'ombe wa kukokota jembe. Ndama walibaki mali ya mwenye ng'ombe, na baada ya miaka kadhaa mlezi aliyefanya kazi vizuri alipewa mmoja wa kwake. Mpango huo ungali hai, na kwa familia isiyo na fedha taslimu kila mwezi ndio unaofikiriwa kwanza.

Uzuri wake ni kwamba baba mdogo hatumi ankara. Ubaya wake ni huo huo. Mlezi asiyelipwa fedha hujilipa kwa maziwa, na mwenye njaa ya maziwa humkamua mama mpaka ndama anabaki mifupa. Ndama aliyenyimwa maziwa leo ni mtamba atakayechelewa kuzaa, na ng'ombe wa asili huchukua miaka minne hivi kufikia uzao wa kwanza hata akitunzwa vyema. Anayesema kwa ndugu ni bure hajahesabu mwaka huo mmoja au miwili inayopotea.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka ng'ombe kwa yeyote, mtu aende kuangalia ndama wa mwenyeji, si madume yake. Dume hunenepa hata kwa mchungaji mvivu mvua zikiwa nzuri. Ndama mwenye manyoya yaliyosimama na tumbo kubwa husema ukweli wa boma zima.

Aende mwezi wa Septemba au Oktoba. Kuanzia Mei mvua hukatika, na kufikia Oktoba majani yamekwisha na malambo mengi yamebaki tope. Boma linalopendeza mwezi Machi halijathibitisha kitu. Hapo ndipo aulize kama mwenyeji ana ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Ngitili zilikuwa zimepungua sana hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipowatia watu moyo wa kuzirudisha. Mlezi mwenye ekari chache za ngitili yake ana thamani kuliko mwenye maneno matamu anayetegemea mabua ya jirani.

Maji nayo yahesabiwe. Ng'ombe mmoja wa asili aweza kunywa lita 30 kwa siku ya joto. Wanane ni lita 240, ndoo 12 za lita 20. Kama lambo liko mbali, ng'ombe watanyweshwa siku moja na kuruka nyingine, na mwendo wenyewe unakula nyama waliyoipata malishoni.

Halafu josho. Ndigana kali huletwa na kupe, na mnyama aliyeambukizwa huonyesha homa na kuvimba tezi chini ya sikio ndani ya wiki mbili tatu; asipotibiwa mapema hufa. Wakati wa mvua ng'ombe waogeshwe kila wiki. Swali si kama kijiji kina josho, maana josho kavu nalo ni josho. Swali ni lini mara ya mwisho lilikuwa na dawa, na ofisa mifugo anafika akipigiwa simu?

Njia ya pili ni kuwaacha ng'ombe kwenye boma la familia na kuajiri mchungaji. Hapa maziwa ni yenu na uamuzi ni wenu, lakini kuna mshahara au mtamba wa mwaka, chakula, chanjo, dawa ya kupe na mtu mzima wa kumsimamia kijana huyo. Kwa ng'ombe wanane mzigo ni mzito. Kwa thelathini huenda ukalipa. Kijana wa kuchunga awe kijana kweli. Mtoto anayepaswa kuwa darasani si nafuu kwa mtu yeyote.

Njia ya tatu, kuwafungia na kuwalisha, inafaa kwa madume ya kuuza, si kwa kundi la kutunzwa miaka. Mkoa wa pamba hauna shida ya kuyafahamu mashudu, na pumba za mpunga zipo. Lakini ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo sita za chakula kikavu kwa siku. Wanane watakula karibu tani moja na nusu kwa mwezi, na yote inunuliwe.

Yule kijana wa Geita atasema waletwe kwake, kuna majani mengi na mvua zaidi. Ni kweli. Lakini mapori ya upande ule yana maeneo ya mbung'o, na nagana humkondesha ng'ombe kidogo kidogo hadi anaisha. Karibu na machimbo kuna maduara yaliyoachwa wazi, na maji ya kuoshea dhahabu yaweza kuwa na zebaki au sayanidi. Ng'ombe mwenye kiu hasomi kibao.

Linalovunja familia, hata hivyo, mara nyingi si kupe. Ni siri. Baba huweka watatu kwa rafiki, wawili kwa shemeji, haandiki popote, mke hajui. Akifa, rafiki husema walikufa wote mwaka wa ukame, na hakuna wa kumbishia. Wizi wa ng'ombe ndio uliozaa sungusungu ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini sungusungu hawezi kufuatilia ng'ombe ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ililenga kila mnyama awe na alama na mwenyewe ajulikane. Hereni ikisomeka jina la mlezi, mgogoro umeshapandwa.

Karatasi moja yatosha: idadi, rangi, jinsia, alama, ndama ni wa nani, maziwa ni ya nani, nani analipa dawa, na ng'ombe akifa nini kitaonyeshwa. Zamani ilikuwa ngozi. Sasa ngozi na picha ya siku hiyo hiyo. Asaini mke au mama mzazi pia, na mwenyekiti wa kijiji ashuhudie. Ndugu akinuna kwa sababu ya karatasi, ni bora anune ng'ombe wakiwa bado kwenu.

Umbali una uzito kuliko watu wanavyokiri. Mlezi bora aliye safari ya siku nzima atatembelewa Krismasi tu. Wa wastani aliye njiani kati ya Kahama na nyumbani ataonwa kila mwezi, na kundi linaloonwa huishi tofauti. Mtembezi afike jioni bila kupiga simu, ng'ombe wanaporudi, awahesabu wakiingia.

Familia ile ya ng'ombe wanane ingeweza kuuza madume mawili kabla ya kiangazi na kuweka fedha ya dawa, kisha kupeleka watano kwa baba mdogo mwenye ngitili, kwa maandishi. Wa nane, mwenye ndama, abaki kwa mama. Majani ya ng'ombe mmoja mjukuu anaweza kuyakata akitoka shule, na mama hatanunua maziwa ya chai.